Jamii Haina Mkono

Ukurasa wa kwanza wa jalada niliandika kwa wino:
Tatizo: jamii ya Tanga inahitaji kifaa bora cha kukunia nazi.
Mwalimu Semhando akapitisha mstari mwekundu.
"Jamii haina mkono," akasema.
"Jamii haikuni nazi. Nani anakuna?
Nataka jina lake. Nataka urefu wa kidole chake cha shahada.
Rudi na hivyo, ndipo nikupe ubao."

Anayekuna ni Bi Mwanamkasi, shangazi yangu,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
nyumba yenye baiskeli tatu ukumbini na moja tu inayotembea.
Vibibi vyake huisha kabla ya saa mbili asubuhi.
Tangu kiharusi kimpitie mwaka juzi
mkono wa kushoto umekaa tu, pembeni ya mwili.
"Mgeni huyu," husema, "siku ya tatu imepita kitambo
na jembe hashiki."

Nikampima. Kiganja cha kulia, milimita themanini na moja.
Goti hadi sakafu, mia nne na kumi.
Nikapima na vifuu vya sokoni Mgandini, kumi na viwili,
havikulingana hata viwili.
"Unanipimia sanda?" akauliza,
akicheka kwa nusu ya uso.

Mfano wa kwanza niliupenda kupita kiasi.
Mvule, msasa laini, skrubu ya shaba ya kubania kifuu.
Niliupeleka umefungwa kwenye kanga, kama posa.
Akaugeuza, akaugeuza tena.
"Skrubu hii naikaza na nini? Kwa meno?"

Nilikuwa nimechora kurasa kumi na tisa
na katika kila mchoro, ndio kwanza naiona,
mikono miwili.
Yangu.

Usiku ule sikuchora.
Saa kumi alfajiri nikakaa jikoni, juu ya gunia la mkaa,
nikamtazama.
Sufuria anaizuia kwa unyayo,
kigoda anakisogeza kwa kisigino,
mlango anaurudisha kwa kidole gumba cha mguu
bila hata kugeuka.
Miaka miwili mguu umesoma ufundi,
hauna mwalimu, hauna jalada.

Kwa Shekalaghe, fundi baiskeli wa Makorora, nikaokota
pedali isiyo na mwenzake,
mikono ya breki,
tyubu iliyotiwa viraka hadi viraka vikakosa pa kukaa.
Ukikanyaga, taya zinafunguka.
Ukiachia, zinakiuma kifuu.
Mbao za kreti ya soda. Msumari mmoja umepinda.
Kwa sura, hakuna ambaye angesema mashallah.
Akakuna nazi nne.
Ya tano akaikuna huku akiniangalia mimi.

Wa tatu ndio wa mtihani.
Vipimo vilevile, ila kingo zimelainishwa,
vanishi mara tatu, kibati chenye namba yangu ya mtahiniwa.
Umefungiwa stoo ya karakana kwa kufuli mbili
ukingoja wasahihishaji; na wakishaondoka,
kanuni yasema, unabaki humo humo.
Haujaonja nazi hata moja.

Sehemu ya mwisho ya jalada: Tathmini ya mtumiaji.
Nikamsomea swali. Ungependa kirekebishwe nini?
Akafikiri, unga umemganda kwenye nyusi.
"Msumari unanikamata kanga. Ugonge uingie.
Halafu andika: kile kizuri cha shuleni
wampe mwalimu wako, akune."

Sentensi ya kwanza niliiandika, ukurasa wa thelathini na mbili.
Ya pili nimeileta huku.
Na nyundo nimeazima kwa jirani, ila mpini wake
umelegea, na mkubwa mno kwa kiganja chake.
Nimeshaupima.